Uvungu wa kitanda si stoo, kina baba tumwiteni seremala



Ndugu msomaji, katika ukurasa huu yamekwishaandikwa mengi juu ya usafi wa choo, wa maji ya kunywa na wa chakula kinachouzwa barabarani. Leo napenda tuingie ndani kabisa, mahali ambapo mgeni hafiki na mwenye nyumba mwenyewe hupafikia kwa kupiga magoti. Nakusudia uvungu wa kitanda.

Katika nyumba zetu nyingi za mjini, hasa kwa familia inayoishi chumba kimoja au viwili, uvungu ndiyo stoo. Humo mna masufuria ya shughuli, ndoo, viatu vya shule, mfuko wa mchele, dumu la mafuta ya taa yaliyobaki tangu umeme ulipokuwa unakatika, chupa ya jiki, sumu ya panya iliyonunuliwa kwa machinga, na mfuko wa plastiki wenye dawa zote zilizowahi kubaki katika nyumba ile. Jambo la ajabu ni kwamba hatua chache tu kutoka kitandani, mwisho wa korido karibu na mlango wa kutokea uani, ipo kona ya futi tatu ambayo haina kazi yoyote. Pamewekwa kiti kilichovunjika mguu, tairi, na ufagio.

Maoni yangu, nami nayatoa kama tabibu ninayekaa zamu na kupokea matokeo yake, ni kwamba kona ile ikijengewa kabati la ukutani lenye mlango na kufuli, sehemu kubwa ya hatari iliyomo ndani ya nyumba itakuwa imeondoka. Na mwenye kupaswa kulijenga ni baba wa nyumba.

Nianze na mtoto. Mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitatu anaishi chini. Macho yake yako usawa wa uvungu, mikono yake inafika kila kilichomo, na kila akishikacho hukipeleka mdomoni. Sisi tunaosimama tunadhani tumeficha. Kwake yeye tumempangia dukani. Mafuta ya taa yakitiwa katika chupa ya soda au ya maji, mtoto hawezi kujua kwamba si maji, na tena ameshaona mara elfu watu wazima wakinywa katika chupa kama ile.

Wengi hawajui mafuta ya taa yanadhuru vipi. Hudhani shida iko tumboni. Tumboni madhara yake si makubwa sana. Hatari iko kwenye mapafu. Mafuta yale ni mepesi, hutiririka haraka, na mtoto anapopaliwa au kutapika huteleza yakaingia katika njia ya hewa na kuunguza mapafu. Ndiyo maana tunapiga kelele kila siku: mtoto aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe. Asitiwe kidole kooni, asinyweshwe maziwa ya lazima, wala mayai mabichi, wala mafuta ya kula. Anayemtapisha anayapitisha mafuta kooni mara ya pili. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, kisha mpeleke kituo cha afya upesi na uchukue na ile chupa. Hata kama anacheza, mpeleke, kwa sababu kikohozi na kuhema kwa haraka huweza kuja baada ya saa kadhaa. Hali kadhalika kwa jiki na magadi makali ya kutengenezea sabuni: kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda.

Zipo na dawa. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa kina mama wajawazito vingi vina rangi nzuri na ganda tamu. Mama anavimeza kwa nia njema, vilivyobaki anavifunga kitambaani na kuvitia uvunguni. Mtoto akivipata, hivyo ni peremende. Madini ya chuma yakizidi mwilini mwa mtoto mdogo huchubua tumbo na utumbo, huleta kutapika damu, na huweza kumwua. Mara nyingine baada ya kutapika mtoto huonekana amepata nafuu kwa saa kadhaa, wazazi wakashukuru na kurudi kulala, kumbe ini linaharibika. Panado nayo, ambayo kila nyumba inayo na hakuna anayeiogopa, ikinywewa kwa wingi huharibu ini vivyo hivyo kimyakimya.

Sasa tuje kwa panya. Panya anapenda vitu vitatu: giza, utulivu, na chakula karibu. Uvungu wenye mfuko wa mchele una vyote hivyo. Wenzetu wa Lindi hawahitaji kuhadithiwa. Mwaka 2022, katika wilaya ya Ruangwa, uliibuka ugonjwa uliowatisha watu kwa homa na kutokwa damu puani, watatu wakafariki, na Wizara ya Afya ilipopima ikatangaza kuwa ni homa ya mgunda. Vijidudu vyake hutoka katika mkojo wa wanyama, panya akiwa miongoni mwa wabebaji wakubwa, na humwingia mtu kupitia mchubuko wa ngozi, macho, pua au mdomo. Dalili zake za mwanzo ni homa, kichwa na maumivu ya misuli, yaani zile zile ambazo mtu wa pwani akizipata husema ni malaria. Wa Lushoto nao wanaikumbuka tauni iliyoanza kuwasumbua mwaka 1980 na kuwarudia kwa miaka mingi, ambayo huletwa na viroboto wa panya.

Na katika uvungu huo huo ndimo tunamoweka sanduku la kanzu, mikeka na mashuka. Sote tuliokaa chuoni tukasomeshwa mlango wa twahara tunajua hukumu ya kinyesi cha panya katika nguo ya kuswalia. Tunajua vilevile kwamba Mtume (s.a.w.) alihimiza tunapolala tufunge milango, tufunike vyombo na tuzime taa, na katika sababu alizozitaja ni kwamba panya huweza kuiburuta tambi akawaunguzia watu nyumba. Mambo ya panya na vyombo ndani ya nyumba hayakuachwa kama mambo madogo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya ndugu zangu. Katika mihadhara na hata katika kurasa za magazeti, likizungumzwa suala la nyumba kutokuwa nadhifu, lawama huenda kwa mama. Hapangi, hafagii, anarundika. Mimi nauliza: apange wapi? Nyumba haina rafu hata moja. Chumba kina kitanda cha futi sita, kabati la nguo lililojaa, na misumari minne ukutani. Vitu vya watu sita, saba, vinatakiwa vikae mahali, na mahali pekee palipobaki ni chini ya godoro. Mwanamke yule hajarundika kwa uvivu, amepanga kwa kadiri ya alichopewa.

Mwenye nyumba huyo huyo ukimkuta sebuleni kwake ana shokesi ya vioo yenye vikombe ambavyo havijanywewa chai tangu siku ya arusi. Seremala aliitwa kwa ajili ya vikombe. Kwa ajili ya dawa na mafuta ya taa hakuitwa. Sisemi shokesi ni haramu, nasema tumeanza mahali pa pili.

Wazee wetu katika jambo hili walikuwa na akili. Anayebahatika kuingia katika nyumba za mawe za Lamu, zile za karne ya 18, ataona katika chumba cha ndani ukuta mzima umechongwa zidaka, safu juu ya safu, zimepakwa lipu ya chokaa na kunakshiwa. Katika magofu ya Gede, yaliyo ya zamani zaidi, navyo vidaka vimo ukutani. Kidaka hakitoki nje ya ukuta, hakichukui nafasi ya kupita, hakina uvungu. Humo viliwekwa vyombo vya kaure, vitabu, taa. Ndugu zetu wa bara nao walikuwa na uchaga juu ya mafiga, na mpaka leo bwana afya akipita vijijini hukagua kichanja cha vyombo. Fikra ni ile ile: kitu kisikae chini.

Kwa nini basi tusichonge zidaka? Kwa sababu kuta zimebadilika. Kuta za mawe na chokaa za nyumba zile zilikuwa na unene wa karibu nusu mita, kwa hiyo kidaka kilipata kina bila kuudhuru ukuta. Ukuta wa tofali la simenti la nchi sita ukiuchimba nchi nne umeutoboa. Nimewaona vijana wakitindua ukuta chini kidogo ya lenta ili wapate mahali pa kuweka televisheni. Huko ni kuchezea paa lililo juu ya vichwa vya watoto wao. Usichimbe ukuta wa tofali. Tafuta kona iliyopo tayari, kisha ijengee kwa mbele.

Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ile tuliyoizoea Magomeni, Temeke na Ilala, ina kona hiyo. Korido hupita katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na mwishoni kuna mlango wa uani. Kati ya mlango wa chumba cha mwisho na ule wa uani mara nyingi hubaki kipande cha ukuta kisichoweza kuingia kitanda wala kochi. Kina cha nchi 14 hadi 16 kinatosha kabisa kwa kabati. Kikizidi hapo kitaziba njia, na vitu vya nyuma havitaonekana, navyo visivyoonekana ndivyo vinavyooza.

Kabla ya kumwita seremala, upime ukuta kama unavuta maji. Pwani yetu hii kuta nyingi hupandisha unyevu kutoka chini, na kabati likigandishwa kwenye ukuta wa namna hiyo litakuwa shamba la ukungu, jambo baya sana kwa mwenye pumu. Kipimo ni chepesi. Chukua kipande cha nailoni ngumu, kibandike ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, kiache siku nzima. Ukikuta matone upande wa ndani wa nailoni, unyevu unatoka ukutani. Basi rekebisha lipu kwanza, au uhamie ukuta wa pili. Hata ukuta ukiwa mkavu, mwambie fundi aache nafasi ya nchi moja kati ya mgongo wa kabati na ukuta hewa ipite.

Chini, kabati lisiguse sakafu. Liinuliwe nchi sita, ama kwa miguu ama kwa kulishika na ukuta, ili ufagio na tambara vipite na mchwa aonekane mapema akianza kupanda. Mafundi wengine hupaka oili chafu ya gari kuzuia mchwa. Kwa boriti za nje sina neno, lakini kwa kabati la ndani linalotiwa mashuka na dawa, haifai. Na lifungwe ukutani kwa skrubu imara sehemu ya juu. Mtoto akifungua milango akazikanyaga rafu kama ngazi, kabati lisilofungwa humwangukia.

Mlango uzibe barabara. Watu hudharau mianya, lakini tundu linalopitisha penseli huweza kumpitisha panya mdogo wa nyumbani. Matundu ya hewa yawepo, chini na juu, lakini yafunikwe wavu wa chuma wenye vijitundu vidogo. Wavu wa plastiki anautafuna usiku mmoja.

Mpangilio wa ndani kila mtu na nyumba yake, ila nashauri mambo machache. Rafu za chini ziwekwe ndoo, viatu, masufuria makubwa. Za katikati, mashuka, mikeka, nguo za msimu. Ya juu kabisa, isiyopungua futi tano kutoka sakafuni, igawanywe kwa ubao mara mbili na kila upande uwe na kijimlango chenye kufuli: upande mmoja dawa za binadamu, upande mwingine jiki na sabuni kali. Visikae pamoja. Katika giza la saa nane za usiku mtu hushika chupa kwa umbo lake, hasomi lebo. Kila kitu kibaki katika chupa yake ya asili. Anayehamishia jiki katika chupa ya maji ya kunywa hata kabati la chuma halimsaidii.

Dawa nazo hupenda pakavu na pasipo joto. Jikoni kuna mvuke, bafuni kuna maji, dirishani kuna jua. Korido yenye kivuli ni bora kuliko pote hapo. Ziwe chache. Panado, pakiti mbili tatu za maji ya chumvi na sukari, bandeji, na dawa ambayo mgonjwa wa nyumba hiyo anaitumia kwa wakati huo. Antibayotiki zilizobaki nusu dozi hazina haki ya kukaa humo. Kwanza dozi ilitakiwa iishe, na pili zikibaki zitapewa jirani anayekohoa.

Vipo vitu ambavyo kabati hilo lisivipokee. La kwanza ni mtungi wa gesi. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kuwafikisha Watanzania asilimia 80 kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mitungi inazidi kuingia majumbani, jambo jema kwa mapafu ya kina mama. Lakini gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikatoka dirishani, hutuama chini. Ndani ya kabati lililofungwa itakusanyika na kungoja cheche ya swichi au ya kiberiti. Mtungi ukae wima mahali penye hewa, mbali na moto. Mafuta ya taa na petroli ya jenereta navyo visiwekwe koridoni, kwa kuwa hiyo ndiyo njia ya kukimbilia moto ukitokea. Vijengewe sanduku lake uani, lenye kufuli. Mchele na unga vikae jikoni katika madebe yenye mifuniko.

La mwisho katika hayo ni friji bovu. Nimeona nyumba kadhaa zimeligeuza friji lililokufa kuwa kabati la viatu au la nguo chafu. Mtoto akijificha humo wakati wa kucheza, mlango ukajifunga, hewa inaisha na sauti haitoki. Ukiwa lazima ulitumie, ng'oa mlango.

Najua nitajibiwa: "Daktari, sisi ni wapangaji, nyumba si yetu." Jibu hilo lina uzito. Korido ya nyumba ya kupanga ni ya familia sita, hakuna wa kuijengea kabati peke yake. Lakini ndani ya chumba, nyuma ya mlango kuna nafasi ambayo mlango ukifunguka huifunika, na juu ya mlango, kutoka lenta mpaka dari, kuna nafasi ambayo haijawahi kuguswa na mtu. Kijikabati chembamba cha mbao cha nchi nane, kilichoshikwa kwa skrubu, kinaingia hapo na siku ya kuhama unakifungua unaondoka nacho, ukaziba matundu manne kwa simenti. Omba ruhusa kwanza. Na wenye nyumba, mnaopokea kodi ya miezi sita kwa mpigo, mkijenga chumba cha kupangisha jengeni na rafu mbili za zege juu kabisa kona moja. Gharama yake mbele ya gharama ya nyumba nzima ni ndogo.

Kwa waliojaaliwa ghorofa, chini ya ngazi pana nafasi kubwa inayoachiwa buibui na mapipa ya rangi. Yote niliyoyasema yanahusu na hapo, ila upande wa chini kabisa wa ngazi ni mfupi mno, mkono haufiki mwisho. Mwambie seremala aufanye droo ya kuvuta nje, au auzibe kwa tofali usitumike.

Kabati likishakamilika, litolewe vitu vyote mara moja kila miezi mitatu, lifutwe, tarehe za dawa ziangaliwe. Wengi wetu tayari tunafanya usafi mkubwa kabla ya Ramadhani, basi siku hiyo iwe moja kati ya hizo. Dawa zilizopita muda zisitupwe jalalani ambako watoto wengine wanachezea, zipelekwe duka la dawa au kituo cha afya waulizwe namna ya kuziharibu. Na ufunguo wa kile kijimlango cha juu usikae kwenye kufuli lenyewe. Uwe juu ya msumari mrefu usiofikiwa na mtoto, na wajue watu wazima wawili ulipo, maana homa za watoto huchachamaa usiku, na huenda mwenye kujua mahali pa ufunguo siku hiyo kasafiri.

Wabillahi tawfiq.